Amana ya mpangaji si mali ya mwenye nyumba

KILA mwisho wa mwezi, mikokoteni na pikapu zilizosheheni vitanda, magodoro na mitungi ya gesi huonekana zikiingia na kutoka katika mtaa wa Ayany, Kibera. Nyuma ya safari hizo aghalabu huwa kuna ugomvi usiosikika barabarani. Mpangaji anadai amana yake, na mwenye nyumba anamwonyesha ukuta uliochubuka.

Katika lugha yetu, amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuila. Lakini kile ambacho wengi twakiita dipoziti, kikishalipwa, huingia mfukoni mwa mwenye nyumba kama kodi nyingine yoyote. Hununua saruji, hulipa karo, na siku ya kudaiwa hakipo. Hapo ndipo sababu huanza kutafutwa.

Yamkini msomaji anayeishi katika nyumba yake mwenyewe ataona kwamba hili ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Tuseme mtu analipa kodi ya Sh12,000 kwa mwezi. Ili ahamie nyumba nyingine ya kiasi hicho, hana budi kutoa Sh24,000 kabla ya kupewa ufunguo: kodi ya mwezi wa kwanza na amana. Akinyimwa amana ya kule atokako, atazitoa wapi? Nimeona jamaa zilizotoka katika nyumba za mawe za Ayany na Olympic zikateremka hadi vyumba vya mabati vya Lindi na Gatwekera. Mshahara haukupungua. Kilichopungua ni zile elfu chache zilizobaki mikononi mwa mtu mwingine.

Visingizio navyo vinafanana kana kwamba vimetoka katika kitabu kimoja. Rangi imefifia, kitasa kimelegea, bomba la sinki linavuja, mlango wa choo umeoza kwa chini. Mimi mwenyewe niliwahi kukatwa amana nzima kwa ajili ya rangi, baada ya kukaa katika nyumba moja kwa miaka minne. Nilipouliza ni rangi gani isiyofifia kwa miaka minne, nilijibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa ploti.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wako wapangaji wanaovunja vioo, wanaong'oa swichi na kuacha bili za maji zisizolipwa. Wako pia ambao, wakijua wanahama, hukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho na kusema, "Kata kwa dipoziti." Mwenye nyumba anapokwenda kukagua anakuta choo kimevunjika na hana senti ya kukitengenezea. Wengi wa wenye nyumba hawa si matajiri. Ni wastaafu au wajane ambao ploti ndiyo pensheni yao. Nao wana haki ya kulindwa.

Sheria imekwisha kusema jambo la maana kuhusu ugomvi huu, ingawa ni wachache walioisoma. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta. Lakini inaongeza kwamba hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida unaoletwa na matumizi ya kila siku, wala kwa moto au mafuriko ambayo hayakusababishwa na uzembe wake. Kwa hiyo rangi iliyofifia kwa umri ni mzigo wa mwenye nyumba. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto ni mzigo wa mpangaji.

Taabu ni kuthibitisha. Mpangaji anapoingia, nani huandika kwamba kioo cha dirisha la jikoni tayari kina ufa? Hakuna. Miaka mitatu baadaye, neno la mmoja linapambana na neno la mwingine, na ashindaye ni yule aliyeshika fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa maoni yangu, dawa ya kwanza ni karatasi moja tu. Siku ya kupokea ufunguo, mpangaji na mwenye nyumba, au msimamizi wake, wazunguke chumba kwa chumba, waandike kila kasoro, wapige picha kwa simu, kisha wote wawili watie sahihi. Siku ya kuhama, karatasi hiyo hiyo itolewe. Na mwenye nyumba anayekata fedha aonyeshe risiti ya fundi, wala asitaje bei kichwani.

Wanaoshindwa kuelewana wasidhani kwamba njia imefungwa. Baraza la kodi za nyumba, chini ya sheria ya kudhibiti kodi, linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500, kiasi ambacho ni nadra kwa nyumba za Ayany. Lakini Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya fedha alizoshikiwa mtu na mwingine. Mdai anaweza kujitetea bila wakili, na hukumu inatakiwa itolewe katika siku 60.

Lakini serikali nayo isikae kando. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba hulazimika kuilinda amana katika mpango ulioidhinishwa na serikali, na asipofanya hivyo mahakama yaweza kumtoza hadi mara tatu ya amana hiyo. Kwetu, Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuunganisha sheria tatu za zamani, lakini haukuwa sheria kabla ya Bunge hilo kumaliza muda wake mwaka wa 2022. Wabunge watakaoishughulikia kazi hiyo waanzie hapa: fedha ya amana isikae katika mfuko wa yeyote kati ya wanaoigombania. Hakuna awezaye kuwa hakimu wa haki katika kesi ambayo yeye mwenyewe ndiye anayedaiwa.