Je, Wajua? Kompyuta ya Injini Husingiziwa Mengi

Gari likigoma kuwaka na fundi akaishiwa mbinu, hukumu huwa moja: kontroli boksi imekufa. Mwenye gari anakopa, ananunua nyingine, inafungwa, na gari linabaki vilevile. Kiboksi hicho cha aluminiamu, ambacho kwenye magari mengi kimefichwa nyuma ya dashibodi, ndicho kompyuta ya injini. Kufa hufa, lakini si kwa wingi kama inavyotangazwa gereji, na kabla ya kuizika kuna mambo ya kuangalia.

Je, wajua kwamba injini ilianza kujiongoza kabla transista haijavumbuliwa? Ndege ya kivita ya Ujerumani, Focke-Wulf Fw 190, iliendeshwa na injini ya BMW 801 iliyokuwa na kifaa kiitwacho Kommandogerät. Rubani alisukuma wenzo mmoja tu, na kifaa hicho kikapanga chenyewe kiasi cha petroli, muda wa cheche na pembe ya mapanga ya rafadha. Ndani hamkuwa na saketi za kielektroniki kama za leo, bali vyuma na oili yenye presha.

Kwenye magari, Wamarekani walitangulia na wakakwama. Mwaka 1958 Chrysler iliuza magari machache yenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli, Electrojector, uliobuniwa na Bendix, na mengi kati yake yakarudishiwa kabureta kwa sababu vifaa vya kielektroniki vya wakati huo havikuhimili joto na mtikisiko. Hataza za Bendix zikaishia kwa Bosch, na mwaka 1967 Volkswagen 1600 ikaingia sokoni Marekani ikiwa na mfumo uliofanya kazi kweli. Kompyuta ya kidijitali iliyosimamia mafuta na cheche kwa pamoja, Motronic ya Bosch, ilikuja 1979 ndani ya BMW 732i.

Je, wajua ina kasi gani? Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kila sekunde. Krenkishafti inapita digrii moja kwa takriban mikrosekunde 28, na cheche inapaswa kulipuka kwenye digrii yake, si ya jirani.

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza hakihitaji mashine? Washa swichi bila kupiga starta, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Lazima iwake, kwa kuwa kwenye magari mengi kompyuta yenyewe ndiyo huiwasha. Isipowaka kabisa, usikimbilie kununua chochote. Angalia balbu, fyuzi, relei ya EFI, halafu nyaya za ethi. Kompyuta isiyopata umeme na iliyoungua zinaonyesha dalili zilezile, na relei ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompyuta. Ethi hupimwa kwa mita: ncha moja kwenye waya wa ethi wa kompyuta, nyingine kwenye hasi ya betri, msaidizi akipiga starta. Mita isome karibu na sifuri. Ikifika nusu volti, mwizi wako ni kutu kwenye boliti ya ethi.

Je, wajua kwamba Toyota za zamani husema ugonjwa wao kwa kukonyeza taa? Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi, kisha hesabu. Taa ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Namba 41 ni sensa ya throto. Fundi anayejua kusoma taa hii anastahili heshima kuliko anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Hapa kuna mtego uliowagharimu wengi Afrika Mashariki. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi ya matundu 16 chini ya usukani, sawa kabisa kwa umbo na ile ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari yote mapya kuanzia 1996. Umbo ni moja, lugha ya ndani si moja. Skana ndogo ya bluetooth ikichomekwa, simu inaandika kwamba haioni kompyuta. Gari zima linaweza kutangaziwa msiba hapo, ilhali skana ndiyo isiyoelewa. Kabla ya kuamini jibu hilo, ijaribu skana hiyohiyo kwenye gari jingine la aina na mwaka uleule linalowaka vizuri.

Je, wajua kwamba sensa moja mbovu inaweza kuizimisha kompyuta nzima? Hili ndilo ningependa kila mwenye gari alifahamu. Kompyuta hutoa volti 5 za kulishia sensa, na mara nyingi waya mmoja hulisha kadhaa: ya throto, ya hewa, pengine na ya presha ya gesi ya kiyoyozi. Moja ikipiga shoti kwa ndani, volti 5 huanguka kwa wote. Injini haiwaki, skana haipati mawasiliano, na kila mtu ananyoosha kidole kwenye kontroli boksi.

Fundi makini hafungui boksi. Anachomeka mita kwenye soketi ya sensa ya throto na kukuta volti 0.3 mahali pa 5. Anaiacha mita hapohapo, anachomoa sensa moja: bado 0.3. Anachomoa ya pili: bado. Anachomoa ile ya kiyoyozi, na namba inaruka hadi 5.0. Hapo starta inapigwa na gari linanguruma. Pengine shoti haiko kwenye sensa bali kwenye waya uliotafunwa na panya au kusuguana na chuma cha injini, nayo hupatikana kwa subira ileile.

Je, wajua kwamba kompyuta huwa na makisio ya akiba? Sensa ya joto la maji ikikatika, kompyuta nyingi za Toyota huchukulia maji yako nyuzi joto 80 na kuendelea na safari. Ndiyo maana gari linaweza kuwa gumu kuwaka alfajiri na kutulia mchana.

Zipo kompyuta zilizokufa kweli, na kifo chake kina sababu. Misimbo kama P0601, P0605 na P0606 huelekeza kwenye kumbukumbu au prosesa ya kompyuta yenyewe. Agosti 2010 Toyota iliita yarudi kurekebishwa magari takriban milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya 2005 hadi 2008 yaliyouzwa Marekani na Kanada, kwa kuwa bodi za baadhi ya kompyuta zake zingeweza kupata nyufa kwenye sehemu zilizolehemiwa, na gari likazima. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama Galant na Eclipse, zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Ukifungua boksi lililovuja, unaweza kunusa shombo la samaki. Kapasita chache mpya na mkono mwepesi wa kulehemu zimeokoa nyingi.

Muuaji mwingine ni kubusti betri kwa kugeuza nyaya, chanya kwa hasi. Mwingine ni maji. Subaru nyingi za miaka ya nyuma, Impreza na Forester, kompyuta yake imelazwa chini ya kapeti, miguuni pa abiria wa mbele. Kwa hiyo mafuriko kama yale ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 hayahitaji kufika kwenye kiti kuleta hasara. Gari likiingia maji, chomoa betri kabla ya jambo lolote, kwa kuwa shaba yenye maji na umeme pamoja huliwa haraka mno.

Je, wajua kwamba kompyuta mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kukataana? Ukienda kutafuta kompyuta ya mtumba Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka, nenda na picha ya lebo. Kwenye Toyota namba huanza na 89661 au 89666, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha gia otomatiki na ya mkono, na hata injini na injini. Zaidi ya hapo kuna imobilaiza, yaani kinga ya wizi, iliyolazimishwa Ulaya kwa magari mapya tangu 1998. Siri ya funguo mara nyingi hukaa kwenye chipu ndogo yenye miguu minane, kwa mfano 93C56. Fundi wa bodi huing'oa kwenye kompyuta ya zamani na kuipandikiza kwenye ya mtumba, na funguo zako zinaendelea kukubalika. Kwa hiyo usiitupe ile ya zamani wala kumwachia muuzaji. Baadhi ya Toyota zenye boksi la imobilaiza la pembeni hukubali njia rahisi zaidi: tundu la 4 na la 13 la soketi ya chini ya usukani huunganishwa kwa waya, swichi ikiwa imewashwa, kwa dakika 30, na kompyuta mpya inatambuana na boksi hilo.

Kompyuta nyingine ikishafungwa, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inaweza kupanda na kushuka siku za mwanzo. Kompyuta inajifunza upya namna injini yako inavyovuta hewa na kutumia petroli. Liendeshe gari kawaida, mjini na barabara kuu, kabla ya kulirudisha gereji.