Insha za Kulipwa: Riziki Gani Hii?

Wazazi wengi hutuuliza juu ya vijana wao wanaokesha kwenye kompyuta, wakiwaandikia kwa malipo wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Kazi hii imeenea mno Nairobi. Vijana hao hufundishana na kugawiana kazi, na udugu huo twausifu. Lakini insha huwasilishwa kwa jina la asiyeiandika, naye akapewa shahada asiyoistahiki. Hiyo ni ghushi, na ujira wake hautakasiki kwa kumlipia mama kodi ya nyumba. Katika England, sheria ya mwaka 2022 imeifanya biashara hiyo kosa la jinai. Kumwandikia mfanyabiashara tangazo la kweli ni jambo jingine. Hapo hadanganywi mtu. Malipo huenda yakawa haba mwanzoni, na mzazi naye avumilie.