KORONA BILA KUUGUA: KINGA YAKO YATOSHA?

Wakulima wengi husema, "Korona ilipita, na mimi sikuugua hata siku moja." Huenda ni kweli. Lakini kutougua si sawa na kutoambukizwa, na yafaa kila mwenye shamba na jamaa aelewe tofauti hiyo.

Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kati ya 30 Aprili na 16 Juni mwaka huo, wataalamu wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walipima damu ya watu 3,098 waliojitolea kutoa damu. Watu hao walionekana wazima, maana mgonjwa hakubaliwi kutoa damu. Hata hivyo damu ya watu 174 ilikuwa na alama ya korona. Baada ya kuisawazisha hesabu, wataalamu walikadiria kwamba katika kila watu 100, waliokwisha kuambukizwa Mombasa walikuwa 8, Nairobi 7, na Kisumu 5 au 6. Wakati huo wagonjwa waliotangazwa nchi nzima walikuwa elfu chache tu.

Basi wewe uliyetoka Muhoroni au Koru kuuza mahindi na kuku Kondele, hukuweza kumtambua kwa macho aliyeambukizwa. Pengine hata yeye hakujijua.

Alama hiyo ni nini? Virusi vya korona vikiingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili. Hizi ni kama askari waliofundishwa kumkamata adui mmoja tu. Kwa kawaida huonekana katika damu baada ya wiki moja mpaka tatu.

Wafugaji wa zamani walilijua jambo hili. Ng'ombe aliyepona sotoka hakuipata tena maisha yake yote. Chanjo ya sotoka nayo ilifanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Lakini usidhani korona ni kama sotoka, kwa sababu tatu.

Kwanza, mtu aliyeugua kidogo, au asiyeugua kabisa, mara nyingi hupata kingamwili chache kuliko yule aliyelazwa hospitali. Wengine hupata chache mno hata kipimo hakizioni.

Pili, kingamwili hupungua miezi ikipita. Hata hivyo mwili hausahau yote. Ziko chembe za damu zinazomkumbuka adui, na akirudi hutengeneza askari wapya upesi. Ndiyo sababu ugonjwa wa mara ya pili mara nyingi si mkali.

Tatu, virusi hubadilika. Aina ya Omicron, iliyotokea mwishoni mwa 2021, iliwaambukiza tena watu wengi waliokwisha kuambukizwa.

Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura mwezi wa Mei 2023, lakini virusi havikuondoka. Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Usijivunie kwamba hukuugua zamani. Kinga ya zamani yaweza kuwa imepungua.

2. Ukiwa na homa, mafua au kikohozi, usikae karibu na wazee wala wenye ugonjwa wa sukari. Fungua madirisha, ufunike mdomo, unawe mikono kwa sabuni. Kinga yako haimkingi nyanya yako.

3. Uliza katika kituo cha afya habari za chanjo, hasa kwa ajili ya wazee. Chanjo huongeza kinga hata ya mtu aliyekwisha kuambukizwa.

4. Mtu akipumua kwa shida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka siku ya soko.

Kumbuka, bwana na mama mkulima: hata ng'ombe mnene aweza kuleta kupe bomani. Hivyo hivyo mtu mwenye nguvu aweza kuleta korona nyumbani, na atakayeumia ni mzee aliye ndani.