Kwa Nini Samaki Huponyoka Akiisha Kunaswa?

Hakuna kimya kizito kama cha chombo kilichopoteza samaki. Likizo ya Desemba nilikuwa tezini mwa mashua ya mjomba wangu, nje ya mwamba wa Takaungu, mshipi mkononi. Nguru alikwisha kunaswa, tena tulikwisha muona kwa macho: mgongo wa samawati, mistari ubavuni, urefu kama wa mtoto wa darasa la pili. Alikuwa karibu kabisa na chombo. Nikaingiwa na pupa, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mara mshipi ukawa mwepesi kama uzi wa kushonea na mimi nikaanguka kitako juu ya ngama. Baharia mmoja akasema "Lo!" basi. Mjomba hakusema neno. Petroli ya siku ile ilikuwa ya mkopo, na nguru yule ndiye angeilipa.

Jioni tukikunja mishipi, mjomba akanipa ile ndoana. "Hebu itazame vizuri, mpwa wangu. Samaki hafunguki bure. Ndoana iliyorudi ni shahidi, iulize itakwambia."

Haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyapata kwa kuuliza huko, mengine kwa mjomba, mengine kwa wavuvi wengine, na moja (hili litawashangaza) katika kipindi cha fizikia.

Uvuvi ninaouzungumzia ni wa kurambaza, yaani kuvua chombo kikiwa mwendoni. Mshipi unaburutwa nyuma, na chambo, awe chuchunge, mkizi au hata manyoya na vitambaa vya kung'aa, kinapita majini kama samaki mdogo anayekimbia. Ndivyo wanavyovuliwa nguru, jodari, kolekole na sulisuli. Watu wengi hudhani kazi ni kumfanya samaki aume. La hasha! Kuuma anauma. Kazi ni yale mafungu ya dakika baina ya kuuma na kuingia chomboni.

Tuseme ndoana imerudi tupu, nzima, safi. Hapo kwanza ishuku ncha yake. Katika kurambaza, kinachoizamisha ndoana mdomoni ni mwendo wa chombo wenyewe. Lakini ncha ikiwa butu, haiingii mpaka ule mwiba mdogo wa nyuma ufunikwe na nyama. Inashika juu juu tu, na samaki akitikisa kichwa mara mbili, kwaheri. Sulisuli ndiye mgumu zaidi, kwa kuwa mdomo wake ni mfupa karibu mtupu. Ili kujua kama ndoana ni kali, iweke ncha juu ya ukucha wa kidole gumba na uisukume polepole. Ikiteleza, ni butu. Ikikwama, ni kali. Mjomba ana tupa ndogo anayoitia mfukoni kila aendapo baharini, kwa maana maji ya chumvi huila ncha ya ndoana usiku mmoja tu.

Ndoana safi yaweza pia kuwa na ushahidi wa pili: mshipi ulilegea. Wakati wowote mshipi umekaza, ndoana imekaa mahali pake. Ukilegea, hakuna kinachoishika, nayo huanguka katika lile tundu iliyolitoboa yenyewe. Na ni nani anayelegeza? Mara nyingi ni nahodha! Samaki akiuma, watu wanapiga kelele, nahodha kwa furaha anazima mashini ghafla. Chombo kinasimama, mshipi unashuka, samaki naye anageuka na kukimbilia chombo. Mwenye akili hupunguza mwendo kidogo kidogo, wala hasimami kabisa mpaka mshikaji aseme amemdhibiti. Wenye tanga hulegeza demani kidogo wakaendelea. Sulisuli akiruka juu ya maji, ndipo mvuvi hutoa mshipi kidogo makusudi, maana samaki aliye hewani ana uzito wake wote, hana maji ya kumbeba, na akitikisa kichwa huku mshipi umekaza kama waya wa simu kitu kitakatika.

Tuseme sasa ndoana haikurudi kabisa. Usilie kwanza, tazama mwisho wa mshipi. Ukiwa umekatwa safi kama kwa wembe, huyo ni nguru. Meno yake yamebanana ubavu kwa ubavu, yana ncha kama ya msumeno, na nailoni kwake ni kama tambi. Ndiyo sababu kipande cha mwisho chapaswa kuwa waya. Nguru ana ujanja mwingine pia: hupenda kumkata samaki mdogo mkia kwanza ili asikimbie, halafu ndipo ammeze. Ndoana ikikaa kichwani tu mwa chambo, utaletewa nusu ya chuchunge na salamu. Wavuvi huongeza ndoana ya pili karibu na mkia. Mwisho wa mshipi ukiwa umechunika na kuparuzwa, basi kolekole amekupeleka mwambani. Huyo hana subira, huzama moja kwa moja kwenye mawe, na usipomgeuza mapema umemkosa.

Na mwisho wa mshipi ukiwa umejikunja kama mkia wa nguruwe? Hapo hakuna wa kumlaumu ila aliyefunga fundo. Fundo liliteleza, likafunguka lenyewe. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua na kupata joto, ikadhoofika papo hapo. Itie mate kwanza, kisha kaza polepole. Ni jambo dogo mno, lakini nimemwona mtu mzima akimrushia maneno shetani wa baharini kwa fundo alilolifunga mwenyewe!

Sasa turudi kwenye ndoana yangu. Haikuwa tupu. Kwenye mwiba wake kulikuwa na kipande cha mdomo, cheupe, kadiri ya ukucha. Maana yake niliurarua mdomo wa samaki. Nilikuwa nimevuta hivyo hivyo tangu mwanzo, akiwa mbali, wala haukuraruka. Mbona ukararuka alipofika karibu?

Jibu nililikuta darasani muhula uliofuata, tulipokuwa tukining'iniza mawe ya mizani kwenye springi. Kanuni ile ya Mwingereza Robert Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678, husema kwamba kadiri unavyozidisha nguvu ndivyo springi inavyozidi kuvutika. Mshipi wa nailoni nao huvutika, ingawa si kwa usawa kamili kama springi. Tena uzi mrefu huvutika zaidi ya mfupi kwa nguvu ile ile. Chukua mvuto unaorefusha nailoni kwa sehemu moja ya kumi. Samaki akiwa mita 40, mshipi unarefuka mita 4. Akijitupa ghafla, zile mita 4 zinaupokea mshtuko wake taratibu, kama godoro. Akifika mita 3, una sentimita 30 tu za kupokea mshtuko ule ule. Godoro limekwisha, mmebaki sakafuni. Na ubaya zaidi, ndipo samaki anapoliona chombo na kutia mbio zake za mwisho, huku lile tundu la mdomoni limekwisha kupanuka kwa safari yote. Mimi wakati huo huo nikaongeza nguvu. Kumbe ilinipasa kupunguza!

Wavuvi waliyajua haya zamani bila ya springi wala ubao. Mjomba hufunga kipande cha mpira wa tyubu ya gurudumu mahali mshipi unapofungiwa chomboni, ili kiwe godoro lisilokwisha. Wanaotumia fimbo na gurudumu la mshipi, kama wale wa maboti ya watalii ya Watamu na Malindi, huiweka breki yake kwenye robo au theluthi ya nguvu za mshipi: mshipi wa kukatika kwa kilo 40 hutoa akivuta kilo 10 hivi. (Hao sulisuli wao wengi humtia alama na kumwachilia aende. Mjomba husema hilo ni sawa kwa mwenye chakula nyumbani.) Anayevuta kwa mkono, breki yake ni kiganja. Samaki akitaka kwenda, mpe. Lakini jamani, msiuzungushe mshipi mkononi! Yuko mzee kijijini kwetu aliyeacha vidole viwili baharini kwa njia hiyo.

Limebaki la kumpandisha. Chombo hakisimami, mshipi haulegei, na mwenye mti wa kulabu ni mmoja tu. Hampigi samaki mbele, maana akiukosa mwili ataugonga mshipi na kumfungua kwa mkono wake mwenyewe. Hungoja apite, kisha humvuta kwa mgongoni, mara moja. Mashuani mwa mjomba kazi hiyo ni yake, na mpaka samaki ashike sakafu hakuna ruhusa ya kusema.

Petroli tuliilipa Alhamisi, kwa kolekole watatu na nguru mdogo kuliko yule wangu. Mimi siku hiyo nilipewa usukani.