Kipande kinachokula buloni

Ponti ya nyuma ya kamyo ya zamani ikikufa, fundi hufunga ya kamyo ingine. Kama ni fupi, mipira inasugua resori. Ndipo anatia kipande cha chuma kati ya gurudumu na kitovu chake, ili kulisogeza nje.

Kipande chenye unene wa milimita 30 kinakula milimita 30 za buloni. Ekru inabaki imeshika kidogo tu, lakini kwa macho unaona imekaza. Buloni ya milimita 20 inataka ekru ishike angalau milimita 20. Isipofika, zitafutwe buloni ndefu. Rondeli zilizopangwa moja juu ya ingine si kipande! Rangi na kutu vikwanguliwe kwanza. Baada ya kilometa 50 ekru zikazwe tena. Rulma nazo zinabeba uzito zaidi, zikaguliwe.

Mimi ni mtu wa dispanseri, si wa garaji. Lakini gurudumu likichomoka njiani kati ya Kalemie na Nyunzu, linamkuta mama na ndoo yake kichwani, na kamyo inaangusha waliokaa juu ya mizigo.

Ukiona kutu nyekundu imechuruzika kuzunguka ekru, huenda imelegea. Mwambie shofa mbele ya kupanda.