Nani anapima mvua ya Tunda?

Simu ikikuandikia kwamba kesho asubuhi mvua itanyesha Tunda, usidhani kuna mtu aliyekuja kupima hewa ya hapa. Utabiri huo umekokotolewa na kompyuta kubwa za Ulaya au Marekani, na karibu vipimo vyake vyote kuhusu mkoa wetu wa Maniema vimetoka angani.

Mara mbili kwa siku, saa nane usiku na saa nane mchana kwa saa zetu, vituo vingi duniani hurusha puto lenye kifaa kidogo. Kinapopanda hutuma kwa redio joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, mpaka kimo cha kilomita 30 hivi, puto likapasuka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka puto la namna hii kila kilomita 500, na kituo cha ardhini kila kilomita 200. Bonde la Kongo liko mbali sana na kiwango hicho.

Linalobaki ni satelaiti. Mojawapo, Meteosat, iko kilomita 36,000 juu ya Ghuba ya Gine, ikipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika chache. Picha zake hazionyeshi mvua. Zinaonyesha joto la kilele cha wingu. Kilele kikiwa baridi sana, wingu ni refu, basi hukisiwa kwamba mvua ni kubwa. Tatizo ni kwamba wingu la radi likizeeka hutandaa juu, likabaki baridi hata mvua ikiwa imekatika. Na wingu fupi, lenye joto, laweza kulowesha shamba la mpunga lisihesabiwe kabisa.

Makosa hayo hurekebishwa kwa kipimamvua cha ardhini, nacho si cha gharama: chombo chenye mdomo na kitako vya upana mmoja, kikae mahali wazi mbali na miti na mapaa, pamoja na rula. Maji yakifika milimita 10, kila mita ya mraba ya shamba imepata lita 10.

Walimu, wauguzi na wakulima wa Tunda, anzeni kupima kila siku saa moja asubuhi na kuandika daftarini. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri. Mkiacha mstari wazi, atakayesoma hatajua kama mvua haikunyesha au mpimaji hakufika.