Simu ya muziki iliyozikwa kabla ya kuzaliwa

Msomaji, hebu itoe simu yako mfukoni uitazame. Yaelekea ni kioo kitupu, toka juu hadi chini. Je, wajua kwamba kampuni iliyoueneza mtindo huo iliwahi kuunda simu ya namna nyingine kabisa, simu ya muziki yenye gurudumu, kisha ikaizika kimyakimya kabla haijafika dukani?

Kampuni hiyo ni Apple ya Marekani. Mnamo Oktoba 2001 ilitoa iPod, kijisanduku cha muziki kilichotoshea mfukoni na kubeba nyimbo 1,000. Wewe uliyezoea kusafiri na kaseti mbili tatu pamoja na betri za akiba, utafahamu hilo lilikuwa jambo gani. Utamu wake ulikuwa kwenye gurudumu lililokaa usoni. Ulilizungusha kwa kidole gumba, na orodha ya nyimbo ikateremka yenyewe. Katika mwaka wa 2005 pekee, ziliuzwa iPod zaidi ya milioni 20.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Simu za mkono zilikuwa zimeanza kuimeza biashara ya kamera. Mkuu wa Apple, Steve Jobs, aliona kwamba siku simu itakapojua kuimba vizuri, hakuna atakayekubali kubeba vyombo viwili. Unga wa kampuni ulikuwa hatarini.

Kwanza walijaribu kupitia kwa jirani. Septemba 2005, Motorola ilitoa ROKR, simu iliyotiwa programu ya nyimbo ya Apple. Lakini ilifungwa isibebe nyimbo zaidi ya 100, na kuzihamisha nyimbo hizo kutoka kwenye tarakilishi kulichosha roho. Wanunuzi wakainunia.

Basi Apple wakaamua kuunda yao. Kikosi cha Tony Fadell, mhandisi aliyeongoza kazi ya iPod, kikashika njia ya kuigeuza iPod yenyewe iwe simu. Nani angewalaumu? Watu walikwisha kuipenda na kuizoea. Wakatia mitambo ya simu ndani, gurudumu likabaki pale pale.

Kulitumia kuteremka kwenye orodha ya marafiki hakukuwa na shida, maana orodha ni orodha, iwe ya nyimbo au ya watu. Balaa lilikuwa katika kupiga nambari mpya. Wazee mtakumbuka zile simu nzito za mezani, zenye kisahani cha matundu kumi: unatia kidole, unazungusha, unangoja kisahani kirudi, ndipo uende kwa tarakimu ya pili. Ukikosea ya mwisho, unaanza upya! Sasa nambari ya simu ya hapa kwetu ina tarakimu kumi. Piga picha unazisaka moja moja kwa kuzungusha gurudumu, ukiwa umesimama kituoni na matatu inapiga honi. Na hizo ni nambari tu. Kijana anayetaka kumwandikia mwenzake arafa angezisaka herufi zote hivyo hivyo.

Jobs hakukubali kushindwa upesi. Wahandisi waliambiwa wajaribu tena, na tena. Wakati huohuo kikosi kingine kilikuwa kikiunda simu isiyo na gurudumu, ya kioo kinachotii vidole. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi, na ya hatari zaidi, kwani hakuna aliyekuwa na hakika itafaulu. Baada ya miezi ipatayo sita ya vikosi kwenda sambamba, uamuzi ukatolewa: simu ya gurudumu itupwe. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ujasiri. Si rahisi kuliacha gurudumu linalokulisha.

Hofu yao ilikuwa ya kweli. iPhone ilianza kuuzwa Juni 29, 2007, na polepole ikamla ndugu yake mkubwa, hadi Mei 2022 Apple ilipotangaza kwamba haitaunda tena iPod.

Lakini turudi nyuma kidogo, Januari 9, 2007, mjini San Francisco. Kabla ya kuonyesha simu yenyewe, Jobs alitania kwanza. Alitoa picha ya iPod iliyobandikwa kisahani cha simu ya kale mahali pa gurudumu, akasema ndiyo hiyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Wengi waliocheka hawakujua kwamba ndugu wa kichekesho kile alikuwa ameundwa kweli, akajaribiwa, na kuzikwa.